Andrea na Swali Lake

Waumini wa PCEA St. Andrew's, pale karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, husali chini ya jina lililoletwa na Waskoti, kwani Andrea ndiye mtakatifu mlezi wa kwao. Mimbarini husifiwa kwa jambo moja: alileta watu kwa Yesu. Ni kweli, ila ukiusoma usimulizi wa Injili ya Yohana kwa makini, sifa hiyo haimtoshi.

Tazama sura ya kwanza. Msimulizi anatupa hata saa, yapata saa kumi jioni, lakini waliyozungumza Andrea na Yesu walipokaa pamoja siku ile anayaficha yote. Tunachosikia baadaye ni tamko moja kwa nduguye, kwamba Masihi amepatikana. Na hata kabla hajalitamka, tumekwisha kuambiwa kuwa yeye ni ndugu yake Simoni Petro. Petro hajaingia jukwaani, na tayari ndiye anayemtambulisha aliyemtangulia! Akifika, anapewa jina jipya. Andrea hana tena lake katika tukio alilolianzisha mwenyewe.

Sura ya sita ndiyo yenye utamu. Filipo, aliyeulizwa kuhusu mikate, anajibu kwa hesabu: hata dinari mia mbili hazitoshi. Andrea hakuulizwa. Anajitokeza tu, anataja mvulana, mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, kisha papo hapo anauliza vitafaa nini kwa umati ule. Kauli yake ina nusu mbili zinazovutana: ya kwanza inatoa, ya pili inarudisha. Wahubiri wengi huishia ile ya kwanza, nami naona wanampunja. Likiondolewa swali, anabaki tarishi mwenye imani ya rejareja. Likibaki, tuna mtu anayekitaja kidogo kilichopo huku akijua hakitoshi, na asinyamaze kwa sababu hiyo. (Kuuliza hadharani si jambo geni katika kanisa la St. Andrew's: tarehe 1 Januari 1990, Mchungaji Timothy Njoya alihoji humo hatima ya utawala wa chama kimoja.)

Katika sura ya kumi na mbili, Wagiriki wanamwendea Filipo, Filipo anamwendea Andrea, wawili hao wanamwendea Yesu. Mwandishi angeweza kufupisha. Ameacha kila hatua, kama faili linalopita meza kwa meza katika ofisi zetu za mjini. Yesu anajibu kwa habari ya punje ya ngano inayokufa. Kama Wagiriki walimwona, hatuambiwi.

Mapokeo ya baadaye yalimpa Andrea kifo cha kishujaa huko Patras, na hatimaye msalaba wa umbo la X, ule wa bendera ya Uskoti. Kwangu hilo ni pambo lililochelewa. Yohana hamtaji tena baada ya wale Wagiriki, na kitabu bado kina sura tisa.