School Daze: udada bila ulinzi

Bandugu, filme School Daze ya Spike Lee (1988) inachekesha, miziki yake ni mitamu, lakini pahali pamoja inakasirisha. Mu chuo cha Mission, wasichana wa Gamma Rays wanahudumia kundi la wavulana. Julian, mkubwa wao, anamsukuma Jane alale na Half-Pint, halafu anamwacha juu ya hilo hilo. Dada zake wako wapi? Mwishoni Dap anaamsha chuo chote, lakini machozi ya Jane yamekwisha sahauliwa.

Wanafunzi 22 wa Howard waliunda Delta Sigma Theta Januari 1913. Machi walikuwa tayari barabarani Washington, wakidai kura ya wanawake. Kuvaa rangi moja na kucheza pamoja ni kupanda tu. Asiyelinda shamba atavuna nini? Ninyi munaonaje?