Bomba Juu ya Mein Swichi

Nyumba iko Kimara, Dar es Salaam, na simtanki lake la lita 1,000 liko nyuma ya jiko. Fundi wa kwanza alifuata njia fupi: akapitisha bomba darini, akalishusha ukutani, na juu kidogo ya mein swichi akaweka elbo na geti valvu. Hapo ndipo alipoharibu. Sehemu zote zinazoweza kuvuja zilirundikwa juu ya kifaa kisichotakiwa kupata hata tone.

Bomba la PPR likichomelewa vizuri, mashine ikiwa imefika nyuzi joto 260, kipande na kiungio huwa kitu kimoja. Ni nadra kuvuja hapo. Huvuja kwenye maungio ya kukaza kwa thredi tepu, na kwenye shingo ya valvu. Tena maji hayadondoki palepale. Hutambaa chini ya tumbo la bomba mpaka kwenye kona au kibanio. Ndiyo maana doa la ukutani huonekana mbali na tundu lenyewe.

Fundi wa pili hakuhangaika kuvika swichi nailoni. Alikata bomba kabla halijaingia darini, akalizungusha nje ya ukuta wa jiko, akaliingiza chini, usawa wa sinki. Valvu ikabaki nje, mahali mkono unapofika hata usiku. Waya wa pampu aliuacha uning'inie chini ya tundu la ukutani kabla ya kupanda kuingia, ili maji yanayoufuata yadondokee nje. Ni kazi ya dakika chache, nami naihesabu kuwa bora kuliko zote alizofanya pale.

Kulikuwa na hatari nyingine isiyoonekana. Ethi ya nyumba ilikuwa imefungwa kwenye bomba kuukuu la chuma. Ukikata bomba hilo ukaunga plastiki, njia ya umeme kwenda ardhini imekatika, na hutajua: taa zinawaka, friji linagandisha, mpaka siku hita ya bafuni ipate hitilafu mtu akiwa chini ya maji. Fundi umeme alichimbia fimbo mpya ya ethi, akaunganisha nayo chuma kilichobaki, akafunga breka inayokata umeme unaovuja ukifika miliampea 30.

Kama unajenga, waite fundi bomba na fundi umeme siku moja, kabla ya plasta, kila mmoja achore njia yake ukutani kwa chaki.