Jinsi Nagoya Ilivyomsubiri Mao Asada

Oktoba 2010, katika ukumbi wa Nippon Gaishi jijini Nagoya, Mao Asada, mchezaji wa kuteleza barafuni, alimaliza mashindano ya NHK Trophy akiwa wa nane kwa jumla ya alama 133.40. Miezi minane kabla yake, kwenye Olimpiki ya Vancouver, alikuwa amepata alama 205.50 na medali ya fedha. Mwezi mmoja baada ya Vancouver alitwaa ubingwa wa dunia mjini Turin, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili. Sasa alikuwa amerudi kushindana katika mji aliozaliwa, mbele ya watu waliomfuatilia tangu utotoni, na watu hao wakamwona akianguka, akikatisha mizunguko angani, akitua kabla mwili haujamaliza kugeuka.

Nataka kuchambua kazi ya mashabiki wake katika msimu huo na iliyofuata. Wengi huudhani ushabiki kuwa ni kelele na machozi tu. Mimi naamini ule wa Asada ulikuwa na ufundi wake, na ndiyo sababu moja iliyompa nafasi ya kufika alikofika. Lakini hauwezi kueleweka kabla ya kujua tatizo lenyewe lilikuwa wapi.

Viatu vya mchezo wa kuteleza barafuni vina chuma chembamba chini yake, chenye makali mawili: ya ndani na ya nje. Kila mruko hutambulika kwa makali unayoondokea, na kwa kuangalia kama mchezaji amechomeka meno ya ncha ya kiatu barafuni au la. Mruko uitwao lutzi ni lazima uanzie kwenye makali ya nje. Asada alikuwa na tabia ya kuuegemeza mguu kwenye makali ya ndani dakika ya mwisho, na jopo la ufundi hulinasa kosa hilo. Ndiyo maana huko Vancouver hakuruka lutzi hata moja katika programu huru, wala mruko wa salko. Nguvu yake yote aliiweka kwenye akseli ya mizunguko mitatu. Aliiruka mara tatu katika Olimpiki ile, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya kabla yake.

Akseli ndiyo mruko pekee ambao mchezaji huondoka akitazama mbele. Kwa kuwa miruko yote hutuliwa kinyumenyume, akseli ya mizunguko mitatu kwa kweli ni mitatu na nusu. Msimu wa 2010–11 ilikuwa na thamani ya alama 8.5. Ukipungukiwa na zaidi ya robo ya mzunguko lakini usifike nusu, thamani ilishuka hadi 6.0. Ukianguka juu ya hapo, majaji walikukata 3 na kanuni ikakutoza 1 nyingine, ukabaki na 2.0. Ukipungukiwa na nusu mzunguko au zaidi, ilihesabiwa kuwa akseli ya mizunguko miwili, yenye thamani ya 3.3, toa 1.5 ya ubora na 1 ya kuanguka, unabaki na 0.8. Akseli ya mizunguko miwili ikirukwa kwa utulivu ingempa hizo 3.3 bila hatari yoyote. Mashabiki waliijua hesabu hii. Jedwali la alama za kila mchezaji hutolewa hadharani baada ya mashindano, na mashabiki wa Japani wana mazoea ya kulisoma mstari kwa mstari.

Septemba 2010 Asada alikuwa ameanza kufundishwa na Nobuo Sato, bingwa wa Japani mara kumi na mwalimu aliyemfikisha binti yake Yuka kwenye ubingwa wa dunia wa 1994. Walikubaliana kuijenga upya miruko yote, tangu namna ya kuteleza kuelekea mruko hadi pembe ya mguu wa kuondokea. Ni kazi inayofanana na kubadilisha msingi wa nyumba huku wenyewe wanaishi ndani, kwa sababu mashindano hayasubiri. Mwili ulioruka kwa namna moja kwa zaidi ya miaka kumi hausahau kwa amri. Tabia ya zamani inakuwa imevunjwa, mpya haijakaa, na katikati ya hayo mawili mchezaji anapoteza hata ile miruko rahisi aliyokuwa akiifanya bila kufikiri. Aliyemaliza wa nane Nagoya alikuwa katika hatua hiyo hasa.

Kosa kubwa ambalo shabiki angeweza kulifanya hapo ni kudai matokeo. Bingwa wa dunia aliyeshuka hadi nafasi ya nane akiwa kwao ana kila sababu ya kuambiwa arudie alichokuwa akikifanya. Angeweza kurudia, na bila shaka angepata alama zaidi mwezi uliofuata. Lakini lutzi ingebaki na kasoro yake na salko ingebaki imefichwa hadi Olimpiki nyingine. Kishawishi kingine kilikuwapo ukumbini mle mle: Kanako Murakami, msichana wa miaka 15, bingwa wa dunia wa vijana, naye ni wa Nagoya, alishika nafasi ya tatu jioni ile. Mji ulikuwa na nyota mpya tayari mkononi. Nagoya ilimshangilia Murakami kama alivyostahili, na haikumwacha Asada.

Sasa tutazame namna walivyoshangilia, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Katika viwanja vya Japani mchezaji anapoingia katikati ya barafu, sauti hutoka huku na huku zikimwita kwa jina la mapenzi: Mao-chan, ganba! Yaani jikaze, endelea. Zikishatoka, akishasimama katika mkao wa kuanza, ukumbi wote hunyamaza kabisa. Mchezaji hupima muda wake kwa muziki. Akianza kusikia kelele badala ya piano, hatua zake za kuelekea mruko zinaweza kuchelewa kidogo, na kidogo hicho kwenye akseli kinatosha kumwangusha.

Halafu anaanguka. Programu huru ya wanawake wakati ule ilikuwa ya dakika nne, yenye nafasi saba za miruko, pamoja na mizunguko ya papo hapo na mfululizo wa hatua. Anapoinuka ana sekunde chache tu za kuufikia muziki na kujiandaa kwa mruko unaofuata. Ukumbi ukitoa mguno mrefu wa huruma, unamwambia kwamba jambo limeharibika na watu wanaliomboleza. Makofi ya haraka na mafupi yanamwambia kwamba wameona ameinuka na kazi inaendelea. Makofi hayo yanapaswa kwisha kabla ya mruko unaofuata. Mashabiki waliokaa miaka mingi katika viwanja hivi wanajua lini waanze na lini waache, na wageni hujifunza kwa kuwafuata. Nimeangalia mashindano mengi ya mchezo huu kutoka nchi mbalimbali, na sijaona watazamaji wanaolifanya jambo hili vizuri kuliko Wajapani.

Hata maua yalikuwa na utaratibu. Yaliyorushwa barafuni yalifungwa kwa nailoni ili petali zisidondoke, kwa kuwa petali moja ikinasa kwenye chuma cha kiatu inaweza kumwangusha mchezaji anayefuata. Aliyemrushia maua aliyeshika nafasi ya nane, akiwa ameyafunga kwa uangalifu ule ule wa siku ya ushindi, alimlinda na mpinzani wake pia. Mabango ya vitambaa yenye jina la mchezaji, yaliyoshonwa kwa mikono, hufungwa kwenye kuta na reli za ukumbi kabla shindano halijaanza. Mchezaji anayaona tangu mazoezi ya asubuhi, kabla hajafanya lolote, zuri au baya. Hilo nalipa uzito mkubwa. Bango lililokwisha kuning'inia kabla ya programu halina uhusiano wowote na alama zitakazopatikana.

Msimu uliendelea kuwa mgumu. Novemba, jijini Paris, alikuwa wa tano. Desemba, kwenye ubingwa wa taifa mjini Nagano, aliinuka hadi nafasi ya pili nyuma ya Miki Ando, na Februari akapata medali ya fedha kwenye mashindano ya Mabara Manne huko Taipei. Halafu likaja tetemeko la Machi 11, 2011 pamoja na tsunami. Ubingwa wa dunia uliokuwa ufanyike Tokyo mwezi huo huo ukahamishiwa Moscow mwishoni mwa Aprili, na Asada akamaliza wa sita. Ando alichukua dhahabu. Ukiupima msimu ule kwa medali za dunia, Asada alishindwa. Mashabiki waliosoma jedwali la alama walikuwa na kipimo kingine: je, lutzi imo kwenye programu? Je, salko imerudi? Je, mruko uliokosewa ulikosewa kwa tabia ya zamani au kwa kujaribu mpya?

Siwezi kusema kwamba wote walikuwa na subira. Walikuwapo waliotaka aachane na mwalimu, na wengine wakaona enzi yake imekwisha. Na mapenzi yenyewe yana mzigo wake. Akseli ilikuwa imekuwa alama ya Asada kiasi kwamba programu isiyo nayo ilionekana na baadhi ya watu kama pungufu. Mtu anayekupenda kwa sababu ya jambo moja unaloliweza anaweza kukubana usilipumzishe hata linapokuumiza.

Kwa hiyo mtihani halisi wa mashabiki naupeleka kwenye msimu wa 2012–13. Mama yake Asada alikuwa amefariki Desemba 2011. Asada alikuwa Quebec kwa fainali ya Grand Prix, akajitoa na kurudi nyumbani. Katika nusu ya kwanza ya msimu uliofuata aliiweka akseli ya mizunguko mitatu kando kabisa. Akashinda China, akashinda NHK Trophy iliyofanyika Miyagi, mkoa ulioathirika na tsunami, akashinda na fainali ya Grand Prix. Ukumbi ulimshangilia bila mruko uliompa jina. Bila ruhusa hiyo, sidhani angeweza kuipumzisha akseli hadi Februari 2013, alipoirudisha mjini Osaka.

Halafu Sochi, Februari 2014. Katika programu fupi alianguka kwenye akseli, akashindwa kukamilisha mruko wa flipu, na mfululizo wa miruko miwili ukampotea. Alipata 55.51, nafasi ya 16. Yoshiro Mori, waziri mkuu wa zamani wa Japani aliyekuwa akiongoza maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo, akatamka hadharani kwamba binti huyo huanguka kila panapokuwa na jambo kubwa. Maneno hayo yaliwaudhi watu wengi. Usiku ule na kesho yake ujumbe wa kumtia moyo ulimiminika kwenye mitandao ya kijamii kutoka Japani na nje yake.

Kwa nafasi ya 16 aliwekwa kundi la pili la programu huru, mapema, mbali na kundi la mwisho la wanaowania medali. Medali haikuwezekana tena. Piano ya Rachmaninoff ikaanza, na akseli ikatua. Kwa jumla, pamoja na hiyo akseli, aliruka miruko minane ya mizunguko mitatu, na aina zote sita zilikuwamo: lutzi ilikuwamo na salko ilikuwamo. Jopo halikukubali kila mruko kikamilifu. Lutzi bado iliandikiwa kasoro ya makali. Lakini alama zilikuwa 142.71, nyingi kuliko alizowahi kupata katika programu huru, na alipanda kutoka nafasi ya 16 hadi ya sita. Mwezi mmoja baadaye huko Saitama, mbele ya watu wa kwao, alipata 78.66 katika programu fupi, rekodi ya dunia wakati ule, akawa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu.

Linganisha programu ya Vancouver na ya Sochi, mruko kwa mruko, na utaiona kazi iliyoanzwa mwaka 2010. Sato aliisimamia na Asada aliilipia kwa mwili wake. Mashabiki hawakuongeza hata sehemu ya kumi ya alama kwenye jedwali lolote. Walichompa ni muda, na walimpa kwa vitendo: kununua tiketi za mtu anayeshindwa, kuning'iniza bango asubuhi, kunyamaza panapotakiwa, kukubali programu isiyo na akseli. Kati ya hayo yote, kunyamaza na kukubali ndiyo magumu zaidi.

Asada alistaafu Aprili 2017. Mwaka uliofuata alianza ziara ya maonyesho ya barafu iliyopewa jina la Thanks Tour, ya kuwashukuru waliomshangilia, akaizungusha Japani hadi 2021. Novemba 2024 uwanja wa barafu wenye jina lake ulifunguliwa Tachikawa, magharibi mwa jiji la Tokyo.