Kosa la Flashman

Katika riwaya ya Tom Brown's School Days, iliyotolewa na Thomas Hughes mwaka 1857, yumo mvulana aitwaye Flashman, ambaye jina lake limekuwa mfano wa mwonevu katika fasihi ya Kiingereza. Siku moja katika shule ya Rugby, Tom anakataa kumpa tikiti ya bahati nasibu ya mbio za farasi. Flashman na wenzake wanamshikilia mbele ya moto wa ukumbini mpaka miguu yaungua na fahamu zampotea. Baadaye Flashman anafukuzwa, na msomaji hufurahi. Walakini arudiaye kurasa hizo kwa utulivu huona ajabu: Flashman hakufukuzwa kwa kumwunguza mtoto. Alifukuzwa kwa ulevi.

Hughes alisoma Rugby zamani za Dk. Thomas Arnold, mkuu wa shule tangu 1828 hata alipofariki 1842, akampenda kama baba. Alikusudia kuandika sifa. Lakini kalamu yake ilikuwa kweli kuliko kusudi lake, na kisa chake chafunua alichokificha mwalimu aliyekuwamo ndani yake.

Kwanza, kimya. Tom hataki kumtaja aliyemwunguza, na mwandishi ahesabu kimya hicho kuwa uungwana. Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Kwa kimya cha mwonewa, mkuu wa shule mwenye hekima aliweza kuadhibu pombe, asiweze kuadhibu ukatili.

Pili, tegemeo la mtu mmoja. Brooke, kiranja mwema, alipokuwapo, wadogo walilala salama. Alipoondoka, usalama uliondoka naye, maana haukuwa kanuni ya shule bali tabia ya Brooke.

Tatu, dawa. Tom na rafiki yake East wanampiga Flashman kwa ngumi, wawili kwa mmoja. Dawa hiyo yawafaa wenye misuli. Arthur, mtoto dhaifu aingiaye baadaye katika riwaya hiyohiyo, angepona kwa ngumi gani?

Jibu halikutoka katika riwaya. Nchini Norwei, wavulana watatu walijiua mwishoni mwa mwaka 1982, na uonevu wa wenzao ukadhaniwa kuwa sababu. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni katika shule zote. Mwanasaikolojia Dan Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 za Bergen. Wanafunzi waliulizwa kwa maandishi, bila kutaja majina yao. Walimu walisimamia uwanja wakati wa mapumziko. Kila darasa liliwekewa kanuni dhidi ya uonevu. Wazazi wa mwonevu na wa mwonewa waliitwa kuzungumza. Katika miaka miwili aliona uonevu umepungua kwa nusu hivi. Hapo hapakuhitajika Brooke, wala ngumi ya Tom. Kimya kilivunjwa kwa utaratibu, na mzazi, ambaye katika Rugby ya Hughes yu mbali mno, aliingizwa ndani ya lango.

Kwa Afrika Mashariki habari hii si ya ugenini. Shule zake za bweni zilirithi kutoka Uingereza mabweni, viranja na utii wa mdogo kwa mkubwa. Na mwanafunzi mgeni, aitwaye njuka Tanzania na mono Kenya, ajua uzito wa urithi huo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, yakataza mwanafunzi kutendewa ukatili, wa mwili au wa nafsi. Hilo ni jema. Lakini sheria isiyofika bwenini usiku ni sawa na Dk. Arnold katika chumba chake cha vitabu: njema, nayo haijui yatendekayo ukumbini. Yampasa mwalimu kuuliza, mzazi kusikiliza, na jirani kutosema kwamba watoto wanacheza tu.

Riwaya ya Hughes yastahili kusomwa bado, si kwa ushujaa wa Tom, bali kwa hukumu ile iliyokosewa. Shule ipimwe kwa kosa inaloliadhibu, na kwa lile inaloliacha lipite.