Ufundi wa Kusoma Upepo wa Ziwa

Jua likishapinda, abiria anayeshuka stendi ya Bweri, Musoma, hupokewa na upepo wa ziwani. Ardhi imeota jua tangu asubuhi, hewa yake imepata joto na kupanda, na hewa ya ziwani, iliyo baridi zaidi, inakuja kushika nafasi. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa upesi kuliko maji, na upepo ukaelekea ziwani. Zamu hiyo imepanga maisha ya mialo ya Ziwa Victoria tangu zamani. Mashua za tanga hutoka alfajiri kwa upepo wa nchi kavu, zikarudi mchana kwa upepo wa ziwani, bila kuchoma tone la petroli.

Lakini upepo una miendo mingine, mifupi na mirefu kuliko siku. Ustadi wa mvuvi, na wa mpima hali ya hewa pia, ni kutambua mwendo upi unaamua jambo lililo mbele yake.

Tuanze na sekunde. Kwa utaratibu wa kimataifa, chombo cha kupimia upepo husimikwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, na kasi huandikwa kwa wastani wa dakika 10. Mvumo wa ghafla, wa sekunde 3 hivi, huandikwa peke yake, na kwa sababu nzuri: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inayosukuma tanga huwa mara nne. Wastani unaweza kuwa wa upole na mashua ikapinduka. Nahodha huutambua mvumo kabla haujafika. Huona maji yakikunjamana na kuwa meusi upande unakotokea, akalegeza kamba ya tanga.

Mwaka 1957 Mmarekani Isaac Van der Hoven alichambua vipimo vya upepo vya Brookhaven, New York. Mabadiliko makubwa yalijikusanya mahali pawili: kwenye mizunguko ya dakika moja hivi, na kwenye mizunguko ya siku nne hivi, kufuatana na mifumo ya hewa ya huko. Katikati, karibu na mzunguko wa saa moja, upepo ulibadilika kidogo sana. Musoma, nyuzi 1.5 tu kusini mwa ikweta, si mizunguko ya siku nne inayotawala. Hapa hutawala usiku na mchana.

Na usiku ndio wenye hatari. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani mwezi ukiwa haupo, ili taa zao zivute samaki. Saa hizohizo pepo za nchi kavu kutoka pande mbalimbali hukutana juu ya maji yenye joto, hewa ikapanda, mawingu ya radi yakajengeka. Dhoruba nyingi za ziwa hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi. Mvua inapoanguka, hewa baridi hushuka nayo na kutawanyika juu ya maji, ikaitangulia mvua yenyewe. Mzoefu husoma dalili kwa pamoja: umeme unamulika upande gani, upepo uliokuwa ukivuma umekufa ghafla, ubaridi umemgusa uso. Hapo huvuta wavu, hata kama dagaa ndio kwanza wanakusanyika.

Msimu nao una mwendo wake. Kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki huyapoza maji na kuyachanganya, ya juu na ya chini, zikapeleka oksijeni kilindini na kupandisha virutubisho vinavyolisha samaki. Kisha ipo miaka isiyofanana na mingine. Mwaka 1961 mwenendo wa hewa juu ya Bahari ya Hindi ulibadilika, mvua kubwa zikanyesha Afrika Mashariki, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2.

Ndiyo maana kipimo kimoja hakimtoshi kila mtu. Mwanikaji wa dagaa anataka kujua saa za jua na upepo mkavu. Fundi anayepaua nyumba Bweri anahitaji mvumo mkali kuliko yote ya miaka mingi. Mvuvi anahitaji saa chache zijazo. Mwaka 2017 ulianza mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, wa kuboresha utabiri na tahadhari za ziwa hili kwa nchi za eneo hilo, Tanzania ikiwemo. Tahadhari inayofika mwaloni inafaa itaje saa dhoruba inapotarajiwa na ukali wa mvumo wa ghafla, mbali na wastani, tena ifike kabla taa hazijawashwa na mashua hazijasukumwa majini.