Itatoka Ikiwa Tayari

Mkulima wa Tongaren haamini mbegu kwa sababu ya mfuko wake. Mahindi chotara ya H611 yalipotolewa Kitale mwaka 1964, uzao wa kukutanisha mahindi ya Kitale na ya Ecuador, nyuma yake kulikuwa na misimu ya kuchavusha, kupima na kutupa. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoiona katika Debian, na sijui mfumo endeshi mwingine wa kompyuta unaoandaliwa kwa subira kama ile.

Ian Murdock aliuanzisha Agosti 1993. Hakuna kampuni inayoumiliki. Unatengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na kila mwaka hupiga kura kumchagua kiongozi wao. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliufikia kupitia mtoto wake, Ubuntu, aliouanzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, enzi CD zake zilipokuwa zikitumwa bure kwa posta. Ubuntu una tarehe zake, Aprili na Oktoba. Debian hutoka ukiwa tayari.

Utayari huo hupatikana kwa ngazi. Programu hupakiwa katika vifurushi, na kila kifurushi kipya huingia kwanza kwenye tawi liitwalo Sid. Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu za Toy Story. Sid ni yule mtoto mvunja vitu vya kuchezea, na tawi lake halibadilishwi jina kamwe. Kifurushi hukaa humo siku kadhaa watu wakikitumia. Kisipoleta kasoro kubwa mpya, wala kuharibu vingine vinavyokitegemea, huvushwa hadi tawi la majaribio.

Kisha huja kipindi ninachokistahi kuliko vyote, cha kufunga milango ya tawi hilo. Kwa toleo la 13, Trixie, kilianza Machi 2025. Kwanza hukataliwa mabadiliko makubwa yanayogusa vifurushi vingi kwa mpigo, baadaye vifurushi vipya, na mwishowe karibu kila kitu kisichokuwa dawa ya kasoro. Fundi anaweza kuwa na toleo jipya la programu yake, zuri, limekamilika, na bado akaliweka kando ili arekebishe la zamani ambalo watu watalitegemea. Halipwi kwa hilo. Trixie ilitoka Agosti 9, ikiwa na vifurushi zaidi ya 69,000.

Ndani yake mna kazi moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta aijue. Mifumo mingi ya biti 32 huhesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo itajaa Januari 19, 2038. Sekunde itakayofuata, saa itaruka nyuma hadi Desemba 1901. Kwa vifaa vidogo vya ARM vya biti 32, mafundi wa Debian waliipanua nafasi hiyo. Kuipanua kwenyewe si kazi. Kazi ni kwamba programu mbili zinazopeana tarehe zikitofautiana juu ya ukubwa wake, data huharibika bila onyo. Kwa hiyo maelfu ya vifurushi yalijengwa upya kwa mpangilio, kila maktaba ya programu pamoja na programu zinazoitegemea. Mtumiaji hakuona badiliko lolote kwenye skrini yake, na hicho ndicho kipimo cha ustadi wao.

Si kila uamuzi ulikuwa mtamu. Trixie haina tena kisakinishi cha kompyuta za mezani za biti 32, na zipo zilizokuwa bado zinafanya kazi. Lakini Windows 10 ilipokoma kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, mashine nyingi za biti 64 ambazo Windows 11 inazikataa zilibaki na pa kwenda. Kompyuta ya mtumba katika saiba ya Naitiri au Ndalu, yenye RAM ya GB 4, Debian huipokea. Mteja atajaza fomu zake za serikali kwenye eCitizen na kuchapisha barua bila kujua kilichoko chini.

Marekebisho ya usalama ya Trixie yatatolewa kwa miaka mitatu, kisha kikundi kingine kitayaendeleza hadi 2030. Sid, wakati huohuo, imeshafunguliwa kwa ajili ya toleo la 14, Forky, na vifurushi vinaingia.