Hadhi Isiyochumwa katika Habari za Wakilindi

Kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokitunga Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kilipigwa chapa na misheni ya UMCA kwa sehemu tatu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Kikatolewa tena mwaka 1962, mhariri wake akiwa J. W. T. Allen. Aghalabu husomwa kwa sababu mbili: tarikh ya Usambara, na ufasaha wa Kiswahili chake. Iko sababu ya tatu isiyotajwa mara nyingi. Kitabu hiki chaonyesha jinsi mtu awezavyo kuishi katika hadhi asiyoichuma na kuidhani kuwa ndiyo hali ya dunia, ilhali mwenziwe anayeilipia aijua bei yake.

Mwanzo wa hadithi ni habari ya mtu aliyedhulumiwa kwa ajili ya uzawa wake. Mbegha, mtu wa Nguu, aliota meno ya juu kwanza; basi akahesabiwa kigego, na jamaa zake wakamnyima urithi. Hakutenda kosa lo lote. Lakini wale waliogawana mali nao hawakutenda jema lo lote la kuwastahilisha, ila meno yao yaliota kwa taratibu iliyozoeleka. Baadaye Mbegha afika Usambara, awinda nguruwe waharibuo mashamba, agawa nyama, aamua mashauri ya watu. Watu wa Vugha wampa mke, kisha wampa utawala. Cheo hiki kilichumwa. Nyama ilitoka kwake, chakula cha shambani kikarudi, na kila upande ulijua umetoa nini na umepata nini.

Wajukuu hawakurithi kazi hiyo. Walirithi malipo yake. Kimweri ye Nyumbai aliwaweka wanawe watawale nchi mbalimbali, na alipokufa, katika miaka ya 1860, warithi walipigana wao kwa wao. Wabondei, waliochoka kunyang'anywa mali na kuuziwa jamaa zao, wakaondoka kwa vita vya Kiva, wakawafukuza Wakilindi. Hivyo kitabu kinachoanza na mtu aliyenyimwa haki kwa uzawa chafikia watu wanaojitwalia haki za wengine kwa uzawa uo huo. Hapo ndipo penye nguvu ya utungaji huu, maana mtungaji hakuhitaji kuhubiri.

Lakini mizani hiyo haikutumiwa sawasawa kwa wanawake. Wengi wao huingia hadithini kama waliotolewa kuozwa, kisha hutoweka. Mboza, binti wa ukoo, ni mmoja wa wachache wanaosimama kwa jina na nia. Alishindana na nduguye Kinyashi, akaenda zake Mshihwi. Habari yake yafaa kuangaliwa, kwa sababu mtu huyu alikuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Kwa ukoo alimpita kila mwanamume Msambaa asiye Mkilindi. Lakini katika nyumba ya baba yake kiti cha Vugha kilikuwa cha nduguye.

Jambo hili si la enzi ya machifu tu. Mnazi, katika wilaya ya Lushoto, iko tambarare chini ya milima, katika nchi ya mkonge. Na mmea huo uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893. Katika mashamba ya mkonge ya nchi hiyo Mzungu aliitwa Bwana hata kama amefika jana. Mwafrika mtu mzima aliyetumika nyumbani mwake aliitwa boi, na kibarua aliyeandikwa kutoka mbali aliitwa manamba, jina litokanalo na namba. Mwanamke aliyefuatana na mumewe, akampikia na kumfulia, hakuwa na kipande cha kazi hiyo. Kadhalika katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ijapokuwa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Waliopewa fungu hilo waliweza kuliita usawa.

Kura tatu zimekwisha, na mamlaka ya machifu yaliondolewa kwa sheria mwaka 1963. Linalobaki kwa mhakiki ni kurudi katika mwanzo wa kitabu na kuusoma kwa jicho kali zaidi. Ilisemwa kwamba cheo cha Mbegha kilichumwa, kwa kuwa nyama ilibadilishwa kwa chakula. Nani alikilima chakula hicho, akakitwanga na kukipika? Katika nchi ya Usambara kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake, na katika hesabu ya mtungaji shukrani zote zawaendea wanaume waliopeana. Basi hata kile cheo kilichochumwa kilikuwa na sehemu isiyolipiwa. Msomaji mwanamume akiipita aya hiyo bila kushtuka, na ajiulize ni nani aliyempikia siku hiyo.